Msambia wa Mama Mkwe, Kutoka Baba Dogo Hadi Donholm

Safari nzima ilinigharimu shilingi mia mbili na themanini na tano, na hesabu hiyo nimeirudia. Mia na hamsini za mkokoteni. Ishirini za kumpoza mwenye mkokoteni baada ya mambo ya mtoni. Thelathini za magunia na kamba. Sitini za samadi, ambayo muuzaji aliapa kwa jina la mamake kuwa ni ya ng'ombe. Zilizobaki zilikwenda kwa chai, mkate na soda moja niliyowanunulia watu watatu. Kwa fedha hizo mtu angepanda basi akaja huko kwetu Murang'a, akarudi, akaja tena, na bado akabaki na ya ndizi. Mimi nilitoka Baba Dogo nikafika Donholm.

Nawaandikia ninyi wa nyumbani kwa sababu najua habari imewafikia kabla yangu, na kwamba kila aliyeipokea ameitia chumvi yake mpaka hailiki. Hii ndiyo safari yenyewe, hatua kwa hatua, kama nilivyoitembea.

Sababu ya kuondoka ilikuwa tumbo la mke wangu. Imali, kama mnavyojua, amebeba mimba mara mbili na mara zote mbili ikatoka. Hii ya tatu ilipoingia mwezi wa nne alianza kutapika kila kitu: ugali, uji, maziwa, hata maji yaliyochemshwa yakapozwa. Daktari alimpima, akamwambia atoke nje kidogo, kisha akanigeukia. "Asipoongeza uzito kwa hizi wiki mbili tutamlaza," akasema, "na hata tukimlaza siwezi kukuahidi kitu." Mimi kazi yangu ni kununua na kuuza mbao na mabati yaliyokwishatumika, na sijawahi kutajiwa bei nisiishushe. Nilijaribu kumshusha daktari yule, angalau afike nusu ya hofu ile. Hakuteremka hata senti.

Kitu kimoja tu kilikaa tumboni mwa Imali. Mama yake alimpelekea matunda ya mti wake, yakiwa ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, na Imali akala matatu na hayakurudi. Kesho yake akala mengine, na juu yake akaweza nusu kikombe cha uji. Mti huo ni mdogo, urefu wa mtu na nusu, majani meusi yenye kung'aa ambayo hayapukutiki kiangazi wala masika. Ukiukwaruza unatoa maziwa. Matunda yake huota kwenye matawi makuukuu, ya manjano, makubwa kama ncha ya kidole gumba, yenye ukakasi mtamu na mbegu moja tu inayoteleza. Ni mti wa msituni, wa kule kwao karibu na Kakamega, na kila mzee wa kwao niliyemuuliza alinipa jina tofauti. Mpwani mmoja tunayeuziana naye mabati aliyaonja akasema kwao uko unaofanana nao, huitwa msambia. Nimechukua hilo la Mpwani kwa sababu lilikuwa la bure.

Mama Imali aliuotesha mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa reli, na alipohamishiwa Nairobi, mama huyo alikula matunda hayo ndani ya treni na mbegu moja akaishika mkononi mpaka mjini. Aliipanda kwenye debe, debe likawa dogo, akauhamishia kwenye pipa la lami. Pipa hilo lilikaa Baba Dogo miaka mingi, katikati ya ukuta na sinki la kufulia nguo za wapangaji wote. Sasa mwenye ploti alikuwa ametangaza kwamba ifikapo Jumapili atavunja sinki na kujenga banda la kuchomelea vyuma mahali pale. Wapangaji watatu wa upande ule wahame. Mti, alisema, ni kuni.

Mama Imali alikuwa anahamia kwa mwanawe Jafethi, Mukuru kwa Njenga, kwenye chumba kimoja ambacho ukinyoosha miguu unagonga jiko la jirani. Hapakuwa na nafasi ya pipa. Kwangu Donholm kuna kiwanja kidogo mbele na kingine nyuma. Basi ikaamuliwa kwamba mti uje kwangu, na upesi, kabla ya nyundo za Jumapili.

Mtauliza kwa nini mama asije pamoja na mti wake kumtunza binti yake. Kwao mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali meza moja, wala mama halali chini ya paa la mkwe. Hata kwetu heshima hiyo ipo, ila ya kwetu ina mlango wa nyuma. Siku hizi hata wa kwao wengi wamelegeza. Mama Imali hajalegeza uzi mmoja. Miaka mitatu nimemwoa binti yake, na hajawahi kunisemesha uso kwa uso. Akiwa na neno langu hutafuta mtu wa katikati. Mtu akikosekana, huambia kuku.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nilikuwa Baba Dogo. Mwenye pikapu alikuwa ameniambia mia sita, nikamuuliza kama pikapu nayo inabaki kwangu. Nikamwendea Mutiso, kijana mwenye mabega ya mlango, aliyekuwa amekalia mkokoteni wake akipiga mswaki.

"Mpaka Donholm ngapi?"

"Mzigo gani, mzee?"

"Mti."

"Wa kupasua?"

"La. Mzima. Una majani na matunda."

Akatoa mswaki mdomoni. "Mti mzima ni soo tatu." Mia tatu!

"Ungekuwa unajua kutembea nisingekuja kwako. Mia."

"Mia ni ya mti umekufa, mzee."

Maneno yale yalinichoma kuliko alivyokusudia. Tulikubaliana mia na hamsini mapema kuliko kawaida yangu, na yeye mwenyewe aliona, maana alinitazama kama mtu aliyesahau kudai kitu.

Tulipofika kwenye sinki, Mama Imali alikuwa amekwisha kuulowesha udongo na kuyafunga matawi ya chini kwa vitambaa. Mimi nilisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikaanza kuhesabu matunda. Mabivu na mabichi yalikuwa arubaini na sita. Nilikuwa nayarudia mara ya pili aliposema, akimtazama Mutiso: "Mwambie mkwe asihesabu. Anayehesabu matunda mtini anayaaga."

"Mzee, mathee anasema..."

"Nimesikia."

"Sasa kama unasikia, mbona ananiambia mimi?"

"Wewe pokea tu, utapeleka."

Nikaacha kuhesabu kwa mdomo. Tukalishika pipa, mimi upande huu na Mutiso upande ule, tukasema moja, mbili, tatu. Halikutikisika. Tukajaribu tena, mpaka mshipa wa shingo ya Mutiso ukasimama. Pipa lilikuwa kama limezaliwa pale.

"Mwambie asivute," Mama Imali akasema. "Huyo ana mguu chini."

Tukachimbua pembeni. Kweli, kitako cha pipa kilikuwa kimeoza kwa kutu, na mzizi mnene kama mkono wa mtoto ulikuwa umepita ukaingia ardhini, ukifuata maji ya sinki. Sikujua. Ndipo hofu iliponishika barabara. Nimeuza mbao miaka kumi na miwili na najua mambo ya mti uliokufa, lakini kuhusu mti ulio hai sijui hata pa kuanzia. Kuukata mzizi mkuu wa mti wenye matunda, matunda ambayo tumbo la mke wangu linayategemea, hiyo ilikuwa biashara nisiyoweza kuipima.

Mutiso akainua panga. Mama Imali akamzuia kwa kidole kimoja. Alipiga magoti na kisu cha jikoni, akaukata mwenyewe polepole, akizunguka, kama mkunga. Maziwa meupe yakatoka. Akapaka majivu, akafunga gunia bichi, akabaki amepiga magoti akiwa ameweka kiganja juu ya gunia. Wapangaji waliotoka kuteka maji walisimama na ndoo zao kutazama.

Saa tatu tuliondoka. Mpangilio wetu ulikuwa huu: Mutiso ndani ya mikono ya mkokoteni akivuta, mimi nyuma nikiwa nimeshika kamba ya kuuzuia kwenye miteremko, na Mama Imali nyuma yangu kabisa, upande wa pili wa barabara, amebeba beseni la maji na kitambaa cha kuyalowesha majani. Kila tuliposimama nilisogea mbele, naye akaja akalowesha, kisha akarudi nyuma, nami nikarudi kwenye kamba yangu. Kwa mtu wa kando tulionekana kama watu waliogombana wanaohamisha nyumba moja.

Kwenye barabara ya Baba Dogo wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wakitoka zamu walitupigia mbinja. Fundi baiskeli mmoja akasimama kabisa, akajishika kiuno.

"Mnahamisha msitu! Na nyani amebaki wapi?"

"Si huyo anauliza," Mutiso akamjibu bila kugeuka.

Watu wakacheka, hata mimi. Nilipotazama nyuma, Mama Imali hakucheka. Alikuwa akitazama chini. Alikuwa ameokota tunda moja barabarani, akalifuta kwa leso na kulitia mfukoni. Tulikuwa bado hatujafika Outer Ring.

Saa nne na nusu tulikuwa juu ya mteremko unaoshuka kwenda mtoni, kabla ya Kariobangi. Mnaoijua Outer Ring mnajua malori ya kokoto yanavyoshuka pale, kana kwamba breki ni za wale walio na muda. Mutiso akanigeukia. "Mzee, hapa ndio wewe utafanya kazi. Mimi nikishuka, wewe vuta. Ukiachilia kamba, mimi na huu mti tutaoga."

Nikavuta. Nilijizungushia kamba kiunoni, nikachimbia visigino kwenye changarawe. Nusu ya kwanza tulikwenda vizuri. Nusu ya pili gurudumu la kushoto likapanda jiwe, pipa likacheza, na mti mzima ukainamia upande wa barabara. Nikasikia beseni likianguka nyuma yangu. Mama Imali alipita kando yangu mbio, mwanamke wa makamo yule, akaukumbatia mti kwa mikono yote miwili, mgongo wake ukiwa barabarani. Na lori lilikuwa linashuka.

Sikumbuki kuamua. Niliachilia kamba ikafunguka kiunoni, nikamshika mkono, nikaona haitoshi, nikamshika kiuno, nikamvuta kwa nguvu mpaka sote wawili tukaangukia kwenye nyasi za pembeni. Lori likapita na honi yake na vumbi lake. Mkokoteni ukatoka barabarani, Mutiso akining'inia mbele kama nguo kwenye kamba, ukaingia mtaroni na kusimama. Pipa lililala kwa ubavu juu ya tuta la udongo. Halikupasuka.

Mutiso aliinuka, akajipapasa goti, akatukuta tumekaa. "Mathee, Mungu ni mkubwa!" akasema. "Mkwe wako amekutoa kwa mdomo ya lori! Mpe mkono!"

Mama Imali alikuwa anautazama mkono wake, pale juu ya kiwiko, mahali nilipomshika. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayesoma. Kisha akainuka, akaenda kuokota beseni, akaenda kwenye mti, akaanza kuokota matunda yaliyomwagika mtaroni. Sikuambiwa kitu. Mutiso naye hakuambiwa kitu cha kuniambia. Nimezoea kupokea maneno yangu kwa kuku. Siku ile hata kuku angetoka bure.

Na mimi, ndugu zangu, mnanijua siamini mambo haya. Lakini nilikumbuka kitu ambacho Imali aliwahi kuniambia, tena kwa mzaha, wakati tunaoana: kwamba mkwe akimshika mama mkwe, kinachoumia si mkono, ni tumbo la binti. Nilicheka wakati ule. Mtaroni pale, nikiwa na changarawe viganjani, sikuona kichekesho kilipokuwa.

Saa sita kasoro tulikuwa Kariobangi. Mkokoteni tulikuwa tumeuinua kutoka mtaroni kwa msaada wa wauza viatu wawili waliokuwa wakipita. Nilinunua chai na mkate, kisha soda moja, nikamwambia Mutiso ampelekee mama aanze yeye. Aliirudisha ikiwa imejaa. "Hataki," akasema. "Na mzee, mbona yeye hanitumi tena? Nilikuwa nimezoea." Mutiso ni Mkamba, hakuwa na habari. Nikampa ile ishirini ya goti na soda yote, nikamwomba anyamaze. Kwa kunyamaza nilipaswa kumlipa zaidi, kama mtakavyoona.

Kutoka hapo kupita Umoja jua lilikuwa juu ya vichwa. Majani yalianza kuning'inia, yale majani yaliyong'aa asubuhi, yakawa kama masikio ya punda mgonjwa. Mama Imali sasa alikuwa nyuma mbali sana, nikawa natazama kila mara kama bado yupo. Tulipopumzika alisubiri mpaka niende mbali kabisa, ng'ambo ya barabara, ndipo akaja kulowesha. Tunda likidondoka nilisikia kama limeanguka ndani yangu.

Saa tisa tulifika Donholm. Nilikuwa nimechimba shimo siku moja kabla, na nilijivunia mahali penyewe: katikati ya kiwanja cha mbele, karibu na lango, kila apitaye auone. Mitaa yetu ni mipya, kivuli pekee ni cha nguzo za umeme, nikasema mti wa kwanza wa mtaa huu utakuwa wangu. Kando ya shimo niliweka samadi ya shilingi sitini. Imali alitoka amejifunga leso mbili, uso umekuwa mwembamba, akaegemea mlango. Mama yake alibaki nje ya lango, kwenye kokoto, beseni kichwani.

Mimi na Mutiso tukauteremsha mti, tukaanza kuuzamisha shimoni.

"Imali!" mama yake akaita kutoka nje, na kwa mara ya kwanza tangu mtoni nikasikia sauti yake. "Huyo mti hajaona jua la mchana tangu azaliwe. Huko kwao hukaa chini ya miti wakubwa. Na Baba Dogo alikuwa kwa ukuta. Sasa wanataka kumchoma?"

"Baba," Imali akaniambia, "si hapo."

"Wapi basi?"

"Nyuma, mama?" Imali akauliza.

"Ukuta wa bafu, pale maji hutoka. Na hiyo samadi kwanza iko moto. Ikae mbali na yeye."

Basi nikachimba shimo la pili, nyuma ya bafu, mahali ambapo hakuna atakayeuona ila mimi na sabuni. Samadi iko pale mbele hadi leo. Mwenye kuihitaji aje na bei nzuri.

Tulipomaliza kumwagilia, Imali alichuma tunda moja mwenyewe. Tulimtazama, mimi na Mutiso ndani, mama yake akichungulia kutoka pembe ya ua, kama watu wanaochunga maziwa motoni. Alitafuna taratibu, akatema mbegu kwenye kiganja. Tukangoja. Mutiso alikuwa ameziba mdomo kwa mkono kana kwamba ni yeye mgonjwa. Imali akachuma la pili, kisha la tatu, na yote yakakaa.

"Mama, ingia basi, unywe maji," akasema.

"Nitaingia siku nitakayoweza."

Imali akanitazama. "Kuna nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mutiso aliufungua wake. Alieleza vizuri, kwa mikono yote, lori, kamba, jiwe, na jinsi mzee alivyomrukia mathee kama golikipa. Alifikiri ananisifia. Nilimwona Imali akishika ukuta.

"Ulimshika mama?"

"Lori lilikuwa..."

"Ulimshika wapi?"

"Mkono."

"Mkono tu?"

"Mkono," nikasema, "na kiuno kidogo."

"Kiuno hakina kidogo," akasema. Hakupandisha sauti. Alishusha mkono akauweka tumboni, akauacha hapo, na mimi nikaona afadhali angenipigia kelele.

Saa kumi na nusu niliondoka tena, maana ilibidi nimsindikize Mama Imali hadi Mukuru kwa Njenga kwa mwanawe. Tulipita kwa miguu kandokando ya viwanda, yeye mbele safari hii, mimi nyuma sana, na Mutiso katikati na mkokoteni mtupu, uliokuwa ukigonga kila shimo. Wafanyakazi wa vibarua walikuwa wanamiminika kutoka kazini. Hakuna aliyetuangalia. Bila mti tulikuwa watu wa kawaida.

Jafethi, shemeji yangu, tulimkuta nje ya chumba chake akinawa grisi mikononi. Mama yake alimwambia maneno machache kwa lugha yao, akaingia ndani, akafunga pazia. Jafethi aliendelea kunawa muda mrefu kuliko grisi iliyokuwepo.

"Sasa shemeji," akasema, "umetuletea kesi."

"Ningemwacha lori limchukue?"

"Nani amesema hivyo? Kama hungemshika tungekuwa tunazika. Mama mwenyewe anajua. Ametoka kuniambia sasa hivi, huyo kijana ana mikono ya haraka. Lakini kushika ni kushika."

"Sawa. Ni nini kinatakiwa? Kuku? Mbuzi? Blanketi?" Nikatoa pochi. Hapo nilikuwa nyumbani. Hapo najua kuongea. "Niambie kiasi, tumalize kabla ya giza."

Jafethi akakirudisha kiganja changu kifuani kwangu, polepole, na pochi ndani yake.

"Shemeji, hiki si kibanda cha mabati. Hakuna kiasi. Wazee wa kwenu watakuja, watakaa na wazee wa kwetu. Wa kwenu ataongea, wa kwetu atajibu. Kondoo atachinjwa, wote watakula, na mama atakula mbele yako siku hiyo, mara moja. Baada ya hapo, mambo yamekwisha."

"Nitaongea mwenyewe. Kuongea ndiyo kazi yangu."

"Ndiyo sababu wewe hutaongea. Utakaa umeinamisha kichwa."

"Na ikichelewa?"

Akatazama pazia. "Basi mama hatakanyaga kwako. Imali atajifungua bila mama yake. Na Imali mwenyewe, unafikiri atalala usingizi huo muda wote? Mtu asiyelala, na tumbo lile?"

Nilirudi Donholm peke yangu. Mutiso alikuwa amekwisha kwenda zake, baada ya kunipa mkono na kuniambia nikiwa na mti mwingine nisimtafute.

Sasa wiki tatu zimepita. Mti umeangusha majani, lakini si yote, na juu kabisa kuna vichipukizi viwili vyekundu ambavyo navitazama kabla sijanawa uso. Imali anakula matunda yake kwa kipimo, na kwenye mizani ya daktari ameongezeka kilo moja na robo. Nilimwomba daktari apime tena, akapima tena. Hakumlaza. Lakini usiku nikigeuka namkuta macho wazi. Siku ya Jumatano mama yake huja mpaka kwenye kona ya barabara, amesimama kule, na Imali hutoka kwenda kumwona kule kule juani, wamesimama kama watu wanaoulizana njia.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba mti wa kivulini usiupe mahali pa heshima, na kwamba samadi mbichi si zawadi. La tatu ndilo gumu kwangu: ipo mizigo ambayo mwenyewe haruhusiwi kujitajia bei. Maisha yangu yote nimewasemea wengine. Nimewasemea wanunuzi kwa wauzaji na wauzaji kwa wanunuzi, nikachukua changu katikati. Leo nahitaji mtu wa kunisemea mimi, na pochi yangu haijui kumtafuta.

Baba hayupo, nanyi mnajua. Kwa hiyo nawaomba ninyi wazee wa nyumbani, yeyote mwenye magoti ya kusafiri na ulimi mtulivu. Nauli yenu ni juu yangu, kwenda na kurudi, na sitawaombea punguzo kwa kondakta. Kondoo nimekwisha kumwona. Ila kuna jambo moja mnishauri kwa barua kabla hamjaja, maana Jafethi naye hakulijua: mzee wa kwetu atakapoinuka mbele ya wazee wa Mama Imali kusema kwamba kijana wenu alimshika mama wa watu kiuno barabarani, na kwamba hajutii, na kwamba anaomba msamaha, ataanza na lipi?